Injini ya Land Cruiser yetu: tutafute nguvu wapi, na kwa pesa gani

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Komite ilituomba sisi wa timu ya uwanjani tuje kueleza habari ya gari. Injini itatengenezwa namna gani, pesa zitatosha ao hazitatosha, na juu ya nini bado hatujakubali lile shauri la kuweka tubo. Tunajua wengi mmekuja leo juu ya hilo tu. Ripoti ya mbegu mliisikiliza kimya, lakini sasa tunaona viti vinasogea mbele.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Gari hili si la komite. Ndilo linaloshusha wagonjwa kutoka vijiji vya juu, ndilo linalopandisha chumvi, sabuni na mbegu, ndilo linaloleta maharagwe yenu sokoni Baraka. Tangu majira ya mvua yaliyopita limekataa milima. Mama mmoja mwenye uchungu alibebwa kwa kipoyi kutoka pale gari liliposimama, vijana wanane wakipokezana usiku, na mvua inanyesha. Yeye na mtoto wako wazima. Lakini wale vijana wanane wamekaa hapa mbele, na ndio hao wanaopiga kelele kuliko wote juu ya tubo. Hatuwacheki hata kidogo.

Sasa, gari lenyewe. Ni Land Cruiser ya zamani, ile ya viti vya nyuma ambapo watu wanakaa wakitazamana, na injini yake ni 1HZ. Hii ni injini ya mazuti, silinda 6 kwa mstari mmoja, ukubwa wake sentimita kyubu 4,164. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Ikiwa mpya inatoa nguvu za farasi karibu 130, na haina tubo wala kompyuta; pompi yake ya mazuti ni ya kimekanika tupu. Ndiyo maana kutoka Kigoma mpaka Kalemie fundi akifungua boneti hashituki. Ni injini ya mwendo wa pole na maisha marefu, na ukiitunza inapita kilomita 400,000 bila kufunguliwa.

Hapa tuseme neno moja juu ya majina, sababu lilitupotezea siku nzima. Wanaofanya kazi katika garaji yetu ni watu wa shule mbili. Waliojifunza ufundi kambini, Nyarugusu na Lugufu, wanasema ringi, beringi, silinda hedi na gasketi. Waliobaki huku wanasema segima, kusine, kulasi na jwenti. Fundi mmoja aliandika katika orodha yake "ringi seti moja", mwingine akaandika "segima seti moja", na karani wetu akahesabu vyote viwili. Dola nyingi zingekwenda hivyo. Karatasi ya devi iliyo mezani leo imeandikwa majina yote mawili kwa kila kitu, na tunaomba iwe hivyo siku zote.

Tuje kwenye mlima. Injini haili mazuti peke yake, inakula hewa, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari. Hauts Plateaux zinapita mita 2,000, na kuna vilele vinavyopita 3,000. Injini isiyo na tubo inapoteza karibu sehemu 1 ya 10 ya nguvu yake kila mita 1,000. Kwa hiyo gari likitoka Baraka na kufika mita 2,500, hata kama injini ni mpya kabisa, imekwisha kupoteza karibu sehemu 1 ya 6 ya nguvu iliyoondoka nayo. Na pompi inaendelea kutia mazuti yaleyale, hewa imepungua, ndiyo maana mnaona moshi mweusi kwenye kona za juu. Moshi mweusi ni mazuti yaliyokosa hewa. Moshi wa bluu ni habari nyingine, ni oili inaungua. Mweupe ni mazuti ambayo hayakuwaka, ao maji yameingia. Gari letu siku hizi linatoa mweusi na bluu pamoja.

Basi vijana waliosema tubo wamesema kitu cha kweli, na tunataka kiandikwe hivyo. Tubo inachukua moshi unaotoka, inauzungushia feni, feni inasukuma hewa kuingia kwa nguvu. Hata tubo ndogo inayosukuma nusu bar inarudisha hewa yote ambayo mlima ulitunyang'anya, na inaongeza nyingine. Kwa nchi ya milima hakuna dawa nzuri kuliko hiyo. Tukiwa na pesa na injini nzima, sisi wenyewe tungeinyooshea mkono.

Shida ni kwamba hatuna hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kabla ya kuzungumza pesa tulipima. Jambo hili tunalishikilia kwa nguvu, sababu tumeona mashirika ya jirani yakinunua piesi kabla ya kujua ugonjwa. Tulikopa geji ya kupima mgandamizo, ile ya mazuti, maana ya esanse haifiki na itapasuka. Silinda nne zilitoa namba zinazofanana, kati ya bar 31 na 33. Mbili, ya tano na ya sita, zilitoa 24 na 23. Namba yenyewe inategemea geji na betri. Tofauti kati ya silinda ndiyo inayosema ukweli. Kisha tukaingiza hewa ya kompresa katika kila silinda na kusikiliza inatokea wapi. Ikitokea kwenye bomba la kuingizia hewa ao la moshi, valvu hazifungi. Ikitoa povu katika radiatere, ni gasketi ya kulasi ao kulasi yenyewe imepasuka. Ikitokea pale unapomimina oili, ni segima na silinda zimekula. Kwetu ilitokea pale pa oili, nyingi, mpaka ukiweka kifuniko juu bila kukikaza kinaruka. Na povu dogo likaonekana katika radiatere pia.

Kwa injini kama hiyo, tubo si dawa. Hewa ya tubo itapita palepale ambapo hewa ya kawaida inapita sasa, na kwa nguvu zaidi, itasukuma oili nje kwa kila mlango. Tena tubo inaishi kwa oili: ekseli yake inazunguka mara elfu nyingi kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Presha ya oili ikiwa dhaifu, tubo inakufa mwezi wa kwanza.

Kuna jambo la pili, ambalo ni la 1HZ yenyewe. Mazuti yake hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni, yanapulizwa katika chumba kidogo ndani ya kulasi, na mgandamizo wake ni mkubwa, mara 22.4. Injini ya namna hiyo inaweka moto mwingi ndani ya kulasi. Toyota wenyewe walipotaka tubo katika injini ya ukubwa huohuo hawakufungia 1HZ tubo. Walitengeneza nyingine, 1HD-T, inayopuliza mazuti moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wakaushusha mpaka mara 18.6. Hiyo inatuambia kitu. Ni kweli, watu wa Australia wanafungia 1HZ tubo na zinatembea miaka. Lakini wanasukuma hewa kidogo, wanaweka kipimo cha joto la moshi mbele ya dereva, na dereva anakitazama kila anapopanda, akiona sindano inakwenda juu anatoa mguu. Sisi tuko na madereva watatu wanaopokezana, mzigo wa maharagwe, na abiria wanaosema "kanyaga, baba, kanyaga!"

Sasa pesa. Michango yenu ya miezi kumi na minane imetoa dola 1,420. Wafadhili wameongeza 2,600. Jumla ni 4,020. Devi ya tubo tuliyoletewa, tubo ya mitumba kutoka Sharjah pamoja na manifoldi na mabomba yake, bila kufunga, ni dola 1,650. Devi ya kufungua injini na kuirudisha katika hali yake ni 3,440. Mtu yeyote aliyeuza samaki anaweza kujumlisha: 5,090. Hatuna. Na kufunga tubo peke yake kwenye injini hii ni kuchukua dola 1,650 na kuzitupa ziwani.

Shauri la tatu, la kununua injini nzima ya mitumba, tulilipitia haraka. Injini inafika imepakwa rangi, huwezi kuifungua kabla ya kulipa, na ukiifungua nyumbani unakuta labda ni mgonjwa kuliko yako. Yetu walau tunajua inaumwa nini.

Lakini kabla hata ya kufungua injini kuna nguvu ya bure, na hii ndiyo sehemu tunayoipenda zaidi. Wenye gari wa zamani walilifunga matairi makubwa, kipenyo kimezidi kile cha 7.50R16 cha kiwandani kwa karibu sentimita 4. Linaonekana kubwa, ndiyo, linapendeza katika picha. Lakini tairi kubwa ni kama gia ndefu: kila gia imekuwa nzito kwa asilimia 5 hivi, na breki pia. Matairi yenyewe yamekwisha, lazima yabadilishwe mwaka huu hata bila injini. Tukirudi kwenye 7.50R16 tumepata asilimia 5 ya kuvuta katika kila gia, bila kugusa bolti moja ya moteri. Pili, juu ya gari kuna kariye ya chuma, mbele bampa ya chuma, na winchi ambayo haijawahi kuzunguka tangu gari lifike kwetu. Tulivishusha tukavipima kwa mizani ya magunia sokoni: kilo 214. Hao ni abiria watatu wazima waliokuwa wanapanda kila siku bila kulipa. Bampa na winchi zinaweza kuuzwa.

Tatu ni mzigo. Tutalisema kwa heshima, sababu wazee wamo humu. Gari lenye watu kumi na tano ndani na magunia juu halina injini ya kulitosha, hata ukiweka ya lori.

Na nne, ule mti mdogo wa gia pembeni. Nusu ya madereva hawautumii mpaka gari limekwisha kusimama. Gia nzito iko pale kwa ajili ya mlima. Ukiiweka chini ya mlima unapanda polepole, moto kidogo, ambreyaji haiungui. Hiyo nayo ni bure.

Tukirudi kwenye injini, mpango wetu ni kuirudisha katika hali ya kiwandani, kwa vipimo, na kuiacha tayari kwa tubo siku nyingine. Dola nyingi zinakwenda kwenye vitu ambavyo hamtaviona. Pistoni, segima, kusine, gasketi zote na sili zake ni 1,040. Kuchonga silinda, kusaga vilebrekini kama itahitajika, kupima kulasi kwa presha na kuisawazisha ni 480. Pompi na nozeli kwenye benchi ni 520, na hapo kuna watu wamekasirika, wanasema pompi inafanya kazi. Inafanya, lakini inatoa mazuti bila mpango: silinda moja inashiba, nyingine ina njaa. Ile inayoshiba ndiyo inayounguza pistoni. Ukitaka nguvu kwa bei ndogo katika injini ya mazuti isiyo na tubo, hakuna mahali pazuri pa kuweka dola kuliko pompi iliyopimwa na nozeli zinazopuliza ukungu badala ya kutapika.

Maji ni 390: kusafisha ao kubadilisha moyo wa radiatere, pompi ya maji, temostati, mipira yote. Kulasi ya 1HZ ikipata joto kupita kiasi inapasuka pale karibu na vyumba vidogo vya moto, na kulasi ni bei kubwa kuliko radiatere tatu. Mkanda wa taimingi na rola yake, filtri na oili ni 210. Taa ya mkanda kwenye dashibodi inawaka kila kilomita 100,000, na kwa gari letu tuliikuta imefunikwa na kipande cha utepe mweusi. Hatujui nani alikiweka. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na tunarudi hapa kuomba pesa upya. Kufungua na kuosha ni 150, usafiri na forodha 350, kazi ya mafundi 300.

Kuna utaratibu mmoja ambao tunaomba komite ya usimamizi iuandike na kuuwekea sahihi: hakuna kuchonga silinda kabla pistoni hazijafika mkononi. Tumeona, si mbali na hapa, bloku iliyochongwa kwa pistoni za milimita 0.50 zaidi, kisha mwenye duka akasema zimebaki za 1.00 tu. Bloku ilirudi kuchongwa mara ya pili, pesa mara mbili, na ukuta wa silinda ukawa mwembamba bure. Pistoni zinakuja kwanza, zinapimwa moja moja kwa mikrometa, na mchongaji anafuata pistoni. Vilevile gasketi ya kulasi. Kwa 1HZ kuna unene mbalimbali, na hauchagui kwa macho wala kwa kumwamini muuzaji. Unapima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku, ndipo unajua unene gani. Kwa hiyo gasketi hiyo itanunuliwa ya mwisho, hata kama fundi atasema tunamchelewesha.

Juu ya piesi za uongo. Tutakubali mitumba kwa altaneta, kwa stata, kwa kikombe cha filtri, kwa chochote ambacho kikifa gari linasimama tu na unakitoa kwa dakika thelathini. Kwa kusine, segima, gasketi, mkanda na pompi ya oili, mitumba hapana, na boksi lenye herufi zilizokosewa hapana. Vitu hivyo viko ndani. Vikifa vinaua vingine. Kila boksi litafunguliwa mbele ya watu watatu: fundi, karani, na mwanamemba mmoja asiye na undugu na hao wawili.

Mkitoa 3,440 kwenye 4,020 inabaki 580. Tumekwisha kusikia mashauri saba juu ya hizo 580. Rangi, redio, na mtu mmoja alisema tuanze kulipia tubo kidogo kidogo. Tunaomba zisiguswe. Injini ikifunguliwa inaonyesha kitu ambacho geji haikukiona: vilebrekini ina ufa, kulasi haiponi. Povu lile la radiatere linatutia mashaka. Kama kulasi imepasuka, 580 zitaingia kwenye kulasi na bado tutatafuta nyingine, na afadhali wafadhili walijue hilo leo kuliko kulisoma katika ripoti ya mwisho. Kama kulasi ni nzima, 50 ao 60 zitanunua kipimo cha joto la moshi na kengele ya joto la maji, vitu ambavyo vinasaidia hata bila tubo. Zinazobaki zinakaa kaisini.

Gari likitoka garaji halitapanda mlima siku hiyo, na tunalisema mapema ili mtu asije kutuuliza barabarani. Kilomita 1,000 za kwanza ni kwenye barabara ya ziwa tu, nusu ya mzigo, bila kulikanyaga sana na bila kuliacha linaunguruma limesimama saa nzima, maana segima mpya zinahitaji kazi kidogo ili zikae vizuri na silinda. Kisha oili inamwagwa, inatazamwa kama ina vumbi la chuma, kulasi na mipira vinakaguliwa. Tukifuata hivyo, tunahesabu wiki sita tangu pesa kutoka mpaka kupanda kwa mara ya kwanza, na tungependa iwe kabla ya mavuno ya maharagwe. Katika wiki hizo sita wagonjwa wa vijiji vya juu watashuka kwa pikipiki ya kukodi, na komite ya afya imetenga pesa za hiyo katika mfuko mwingine. Tuliomba hilo kabla ya lingine lolote.

Na tubo? Tumeiandika katika mpango, ukurasa wa mwisho. Mwakani, ikiwa injini imetembea kilomita 10,000 bila kula oili, ikiwa madereva wote watatu wamejifunza kusoma kile kipimo cha joto, na ikiwa kaisi ina dola 2,000 ambazo hazina kazi nyingine, tutaileta hapa mpigie kura: ndogo, isiyosukuma zaidi ya nusu bar. Vijana wanane tunawaomba wawe ndani ya kamati itakayofuatilia hizo kilomita. Wataandika wenyewe oili iliyoongezwa kila wiki, na daftari litakuwa lao.

Karatasi za devi ziko mezani kwa mama karani, nakala ishirini. Someni, ulizeni, mafundi wote wawili wako pale chini ya mwembe na kulasi ya mfano. Kura ni saa nane.